Majani yangu niliyakuta mtoni

Ilikuwa Jumapili asubuhi mwezi wa tano mwaka jana, mvua zimeanza kupungua, nikawa napita kwa kale kadaraja ka miguu ka kuelekea upande wa Nairobi Dam, nikaona bogenvilia ndani ya maji. Matawi yamekatwa, yamelala pale kwa mto, maua yake ya rangi ya machungwa bado mazima kabisa. Sasa hapa Lang'ata bogenvilia za zambarau ziko kila geti, lakini ya machungwa kwa njia yetu ni mimi tu niko nayo. Nikashuka mpaka kando ya maji nikaangalia vizuri. Kamba ya manila ya bluu ilikuwa bado imezunguka yale matawi na fundo lilikuwa langu, hivyo ndivyo mama yangu alinifundisha kufunga kuni nikiwa mdogo na sijui kufunga kwa njia nyingine. Alhamisi ya kabla yake nilikuwa nimemlipa kijana mmoja wa mkokoteni shilingi 200 hayo majani yapelekwe, na kupelekwa wapi sikuwa nimeuliza.

Alhamisi iliyofuata yule kijana wa mkokoteni akapita kama kawaida, nikamwita. Nilikuwa na hasira na nikamwambia yote yaliyokuwa moyoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono bado iko kwa mkokoteni, halafu akasema, "Mama, sitakudanganya, nilimwaga kule. Lakini nionyeshe mahali ningemwaga, na nitapeleka hata kama ni mbali." Nikajaribu kufikiria. Lori la taka ambalo tunalipia kila mwezi huwa linakataa majani, wale vijana wa nyuma wanasema miiba ya kayaba, ile ya fensi, inawatoboa mikono na gunia chache tu za majani zinajaza lori kabla hawajafika katikati ya mtaa. Jaa la taka la Dandora kwa mkokoteni kutoka Lang'ata ni kuvuka mji mzima. Ploti tupu zina wenyewe. Mto ndio haukuwa na mtu wa kumfukuza. Sikuwa na la kumjibu, na nikaona kabisa kwamba kosa si la huyu kijana peke yake, ni langu pia na ni la mji mzima.

Tangu hiyo siku hii mambo ya majani haijanitoka kichwani, na ninataka kuisema wazi: Nairobi inahitaji siku ya majani. Siku moja inayojulikana kwa kila mtaa, ambapo majani, nyasi na matawi yanatolewa mbele ya geti yakiwa peke yake, yanabebwa peke yake na yanapelekwa mahali pa kuoza yakiwa peke yake. Nimerudia hilo neno makusudi maana ndilo jambo lenyewe. Jani likishaingia lori moja na daipa na chupa na mabaki ya ugali, hapo limekuwa taka na hakuna mtu atalitoa tena.

Kwa sasa majani ya Nairobi yana njia nne tu za kuenda. Ya kwanza ni moto. Tembea mtaa wowote wenye miti kama saa kumi na mbili jioni, Lang'ata, Jamhuri, Karen, hata kule Buruburu, utaona ule moshi mweupe umelala chini chini kwa sababu watu wanachoma majani ambayo hayajakauka. Moshi wa jani bichi ni mzito, unaingia kwa nguo zilizoanikwa, unaingia kwa mapazia. Mtoto wangu wa pili ana pumu na mimi jioni zangu nyingi za Januari na Februari, wakati kumekauka na kila mtu anafagia, huwa nazimaliza nimefunga madirisha yote huku nahesabu ni mara ngapi ametumia inhela. Wanaochoma si watu wabaya. Mama jirani alikuwa anachoma na siku nilimwambia kuhusu mtoto aliacha palepale, akaniuliza sasa ayapeleke wapi, yaani swali ni lile lile la yule kijana.

Njia ya pili ni mtaro. Hii wengi hawaioni kama ni kutupa, unafagia mbele ya geti na unasukuma kidogo tu mpaka yaangukie kwa mtaro, basi kumeng'ara. Aprili 2024, wakati wa yale mafuriko, maji yaliingia kwa nyumba tatu za upande wa chini kwa njia yetu. Maji yalipotulia kidogo wanaume wakaenda kufungua mtaro na majembe, mimi nikashika tochi. Nilichoona sijakisahau. Majani ya mukima, ule mti wa grevilea, yamechanikachanika kama manyoya ya ndege, na yakilala moja juu ya lingine yanashikana, kisha yananasa pakiti ya maziwa, yananasa mchanga, yananasa nyasi. Walipovuta kikatoka kipande kizima kama mkeka, upana wa mlango, kinamwaga maji meusi pande zote, na palepale mtaro ukapiga sauti kama sinki ikifunguliwa na maji yakaanza kushuka kwa wale majirani. Sisemi mafuriko yaliletwa na majani. Mvua ilikuwa kubwa mno na mji wetu umejengwa mpaka ndani ya njia za maji. Lakini kwa ule mtaro mmoja, usiku ule mmoja, niliona kwa macho yangu kilichokuwa kimezuia maji.

Ya tatu ni mto, hiyo nimeshasema. Nairobi Dam ilijengwa 1953 iwe akiba ya maji ya mji, na kuna wazee hapa Lang'ata wanakumbuka watu wakiendesha mashua za tanga pale. Leo imejaa matope na gugumaji mpaka mgeni ukimwambia hilo ni bwawa anadhani ni uwanja wa nyasi. Gugumaji linaishi kwa uchafu unaooza ndani ya maji, na kila gunia la majani linalomwagwa huko juu ni chakula chake, juu ya ile maji taka nyingi inayoingia pale.

Ya nne ni Dandora. Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa limejaa 2001, na malori hayajawahi kuacha kuingia. Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lilitoa ripoti baada ya kuwapima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa, na karibu nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwa damu kupita kiwango kilichokubalika. Majani hayana risasi, najua. Lakini fikiria yanafanya nini yakifika pale. Wale wanaookota wanatafuta plastiki, chuma, chupa, karatasi, vitu vya kuuza. Jani halina bei. Linachofanya ni kulowesha karatasi na kuchafua plastiki tangu ndani ya lori, kwa hivyo mwokotaji anapata kidogo kwa kilo ileile aliyoinama kuokota. Halafu likishafunikwa chini bila hewa linaoza vibaya, linatoa methani, ile gesi inayowaka, na jaa likishika moto linafuka siku nyingi. Tunasafirisha majani kuvuka mji kwa dizeli ya bei tunayoijua, ili yakaharibu kazi ya mtu na hewa ya mtoto wake. Mimi hilo linaniuma sana.

Na sheria tunayo. Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya kuzoa taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inasema kila nyumba itenganishe taka za kuoza na zisizooza, na wanaobeba wabebe zikiwa zimetenganishwa hivyo. Aprili 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira ya serikali, ikaagiza taka za kuoza ziwekwe kwa mifuko inayooza yenyewe, ikatoa siku 90. Kwa karatasi kumekaa vizuri. Lakini uliza kwa mtaa wako ni siku gani lori la vitu vya kuoza linapita. Mtu akitenganisha taka Jumatatu halafu Jumanne lori moja linakuja na kumwaga zote pamoja mbele ya macho yake, hatatenganisha tena, na mimi siwezi kumlaumu.

Dada yangu mkubwa aliishi Marekani miaka kadhaa, jimbo la Illinois, na ndiye alinieleza kwamba huko hii kitu ilianzia kwa sheria. Majaa yao yalikuwa yanajaa na ikafika Julai 1990 jimbo likakataza majani na nyasi za uani kuingia kwa jaa kabisa. Wisconsin jirani yao wakafuata 1993. Yaani walifunga mlango kwanza, na mlango ulipofungwa ikabidi miji itafute gari la majani, siku ya majani na uwanja wa kuozeshea. Kwa mtaa wake watu walikuwa wanaweka majani ndani ya mifuko mikubwa ya karatasi ngumu, matawi wanayakata mafupi wanafunga na kamba, wanaacha kando ya barabara asubuhi ya siku yao.

Lakini hatuwezi kuchukua hiyo ratiba yao vile ilivyo. Kwao majani yanaanguka kwa pamoja wakati wa baridi kukaribia, miezi michache tu ya kukimbizana. Hapa kwetu mti haulali. Mukima unaangusha mwaka mzima, parachichi hivyo hivyo, jakaranda unaangusha majani wakati wa kiangazi halafu kuanzia Septemba na Oktoba ni maua ya zambarau mpaka hauoni lami, na baada ya mvua ndefu na zile fupi, fensi zote zinakatwa mara moja, unasikia makasi kila kona. Kwa hivyo siku ya majani ya Nairobi ingekuwa mara moja kila wiki mbili mwaka mzima, halafu kila wiki kwa ile miezi ya baada ya mvua. Na isiwe kiwanja kimoja kikubwa mbali, tusijenge Dandora ya pili ya majani. Kaunti ina wadi 85. Hata zikianza chache, kila moja na kiwanja kidogo chake, mkokoteni unatosha kufika na hauhitaji dizeli.

Najua kidogo kuhusu hivyo viwanja kwa sababu tuna kimoja. Ni kipande nyuma ya kanisa moja hapa mtaani, ukubwa kama wa kuegesha matatu mbili, wakatukubalia tukitumie. Tulianza nyumba tisa, kila nyumba shilingi 100 kwa mwezi juu ya ile ya taka ya kawaida, na anayebeba ni yule kijana wa mkokoteni, ndiye nilimwendea kwanza kabla ya mtu yeyote. Nilimwambia, mahali pamepatikana. Akauliza ni mbali kiasi gani, nikamwonyesha kwa kidole, akacheka sana.

Lundo la kwanza tuliliharibu. Ilikuwa mwezi wa sita, kila mtu amekata nyasi, tukarundika nyasi mbichi tupu, baada ya siku tano pakawa na utelezi wa kijani na harufu ya choo, mchungaji akatuita. Alikuwa na haki. Mzee mmoja jirani aliyefanya kazi ya ukulima miaka mingi ndiye alituokoa. Alikuja na kofia yake, akasimama, akasema, "Mmeinyima hewa. Leteni makavu." Tangu hapo tunaweka tabaka la majani makavu nene, nyasi mbichi kidogo, samadi ya ng'ombe kiasi cha karai moja, halafu tunarudia mpaka lundo lifike mita moja kwenda juu na mita moja kila upande, maana likiwa dogo kuliko hivyo halishiki joto. Maji yake ni ya kupima kwa mkono, ukikamua yatoke matone mawili matatu tu.

Siku ya nne asubuhi, baridi ya Julai, Mzee akaniita nije na nondo. Akaichomeka katikati ya lundo, tukangoja kidogo, akaitoa akaniambia, "Shika hapa, mama." Niliiachilia mara moja. Chuma kilikuwa na moto kama kijiko kilichosahauliwa ndani ya chai. Lile lundo lilikuwa linatoa mvuke, si moshi, mvuke safi wenye harufu ya msitu mvua ikianza. Akanieleza kwamba joto likipita nyuzi 55 na kukaa hapo siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu zinakufa, na ndiyo sababu tunaligeuza kila wiki, ili ya nje yaingie ndani na yenyewe yapikike. Miezi mitatu hivi udongo uko tayari. Majani ya mukima ndiyo magumu, hayo tunayachuja tunayarudisha kwa lundo jipya.

Matawi yalitusumbua zaidi. Membamba tunayapitisha kwa mashine ya kukata nepia, yale majani ya ng'ombe, kuna mfugaji mmoja hutukodishia Jumamosi kwa nusu siku. Manene yanachukuliwa na mama wa githeri pale steji, kwake ni kuni. Kayaba ndiyo ilikuwa karibu ituvunje moyo, maana mwiba wake unatoboa gurudumu la mkokoteni kama msumari, na kijana wetu alipata pancha mbili kwa wiki moja, hela ya kuziba ikawa nyingi kuliko aliyopata. Sasa sheria yetu ni kwamba kayaba inakatwa vipande vya urefu wa mkono, mashina yote yanaangalia upande mmoja, inafungwa na kamba ya katani na kuvingirishwa ndani ya gunia kuukuu. Nyumba isiyofunga hivyo, yake inabaki getini. Ilibaki mara moja kwa nyumba moja na haijawahi kubaki tena.

Mambo mengine madogo tuliyojifunza. Gunia zitolewe asubuhi, si usiku, maana usiku gunia linaibiwa, majani yanamwagwa chini na kufikia asubuhi kuna mtu ashaongeza taka yake juu. Usitumie mfuko wa plastiki hata kama unasema utautoa, hautautoa. Kinyesi cha mbwa kisiingie. Nyasi mbichi usizifunge zikakaa siku tatu. Na kabla hata ya gunia, uliza jirani mwenye sungura au mbuzi kama anataka nyasi, kuna mmoja kwa njia yetu alikuwa ananunua chakula cha sungura huku sisi tunatupa nyasi nyumba ya nne kutoka kwake.

Soko nalo liko, tena karibu. Wale wauza miche wa barabara ya Ngong wanahitaji udongo mzuri kila siku ya mwaka, na gunia zetu mbili za kwanza zilienda kwa mmoja wao kabla hata hatujakubaliana bei. Wengi wetu pia tumepanda sukuma kwa magunia, na Nairobi ina sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015, kwa hivyo hatufichi kitu. Watu wanakumbuka 2022 vile mbolea ya duka ilipanda mpaka serikali ikaleta ya ruzuku, ya shilingi 3,500 kwa gunia la kilo 50, na mwaka uliofuata ikashushwa 2,500. Mboji, yaani huu udongo wetu wa majani, haichukui nafasi ya mbolea ya mkulima wa mahindi, sitasema uongo. Lakini kwa sukuma ya nyuma ya nyumba na kwa kitalu cha miche inatosha kabisa, na inashika maji kwa udongo wakati kumekauka.

Kitu ninachoomba kaunti si kikubwa. Wale wanaofagia barabara na bustani za mji wanakusanya majani kila asubuhi tayari, kazi ya kuyakusanya imeshafanyika na kulipwa. Wayaweke kando tu. Watupe vipande vidogo vya ardhi kwa wadi, watangaze siku, na wale vijana wa mikokoteni ambao leo wanakimbizwa na askari wapewe hiyo kazi rasmi na glavu za ngozi, kwa sababu wao ndio wanajua kila geti.

Sasa hivi tuko nyumba 31. Jumamosi iliyopita kijana alinirudishia gunia langu, chini yake akiwa ameacha udongo mweusi kama ndoo moja, nikaumwaga kwa shina la ile bogenvilia ya machungwa. Akakaa kidogo akiangalia juu kwa jakaranda ya nyumba ya kona, majani yote yameisha, matawi matupu. "Mama, hizi zitaanza kumwaga maua mwezi ujao. Gunia zitatosha?" Tukahesabu pamoja pale getini, nyumba kwa nyumba, na hazikutosha, zimepungua kama ishirini hivi. Tukatembea pamoja mpaka duka la jumla la pale kona kuuliza kama wana zile za sukari zilizoisha.